Lamarck na Miguu ya Buibui

Mtoto akiulizwa buibui ni nini, hujibu upesi kwamba ni mdudu; na akiulizwa habari za nge, tandu na kupe, hujibu vivyo hivyo. Kwa lugha ya kila siku hakukosa, maana neno mdudu ni kama kapu kubwa liingiamo kila kiumbe kidogo kitambaacho. Hata wenye elimu wa Ulaya walikuwa na kapu kama hilo zamani. Aliyelimwaga na kuanza kupanga upya yaliyomo ni Mfaransa, jina lake Jean-Baptiste Lamarck.

Lamarck alizaliwa tarehe 1 Agosti 1744 katika kijiji cha Bazentin, kaskazini ya Ufaransa, naye alikuwa mtoto wa 11 wa wazazi wake. Baba yake alitaka awe padre, akampeleka shule ya Wajesuiti mjini Amiens. Lakini baba alipokufa, kijana alinunua farasi, akaenda Ujerumani, ambako majeshi ya Ufaransa yalikuwa yakipigana. Mwaka 1761, katika mapigano ya Villinghausen, maofisa wa kikosi chake waliuawa. Wenzake wakataka kurudi nyuma, naye akakataa kuondoka mahali walipowekwa mpaka amri ije. Kwa ushupavu huo akafanywa ofisa, na alikuwa hajatimiza miaka 17.

Baadaye askari mwenziwe, katika mchezo, alimwinua kwa kumshika kichwa, akamwumiza shingo. Basi ikampasa kuacha jeshi. Akakaa Paris katika umaskini, akifanya kazi ya ukarani huku akisoma elimu ya uganga na ya mimea. Akatunga kitabu cha mimea ya Ufaransa, ambacho ndani yake msomaji hupewa alama mbili mbili, achague iliyo kweli, na hivyo afike kwenye jina la mmea. Kitabu hicho kilimpatia sifa.

Mwaka 1793 Bustani ya Mfalme mjini Paris ilifanywa kuwa nyumba kubwa ya elimu ya viumbe. Walimu wengine wakapewa wanyama wakubwa na mimea. Lamarck akapewa wadudu na minyoo, viumbe ambavyo wengi walividharau. Hakunung'unika. Alianza kujifunza upya kama mwanafunzi, akifungua masanduku na chupa, na kutazama kimoja kimoja.

Siku zile watu walifuata mpango wa Linnaeus, mwanachuoni mashuhuri wa Uswidi. Yeye aliwagawanya wanyama wote katika makundi 6, na katika kundi la wadudu aliwatia pamoja nyuki, buibui, nge, tandu, na hata kaa wa baharini. Lamarck hakuridhika. Nyuki, panzi na mende wana miguu 6, na miili yao ina sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo, tena wana pembe mbili ndogo za kupapasia. Buibui ana miguu 8, na mwili wake una sehemu mbili tu. Hana pembe hizo, wala hana mabawa kamwe. Lamarck alitaka kujua pia jinsi kila kiumbe kinavyovuta pumzi. Basi kwanza akawatenga kaa na kamba, kisha buibui na nge, kila jamii kwa jina lake. Mwaka 1801 akatoa kitabu juu ya wanyama wote wasio na uti wa mgongo.

Walakini naye alikosa mahali pengine. Tandu na jongoo aliwaacha pamoja na buibui, ingawa miguu yao ni mingi zaidi. Wenzake wakasahihisha jambo hilo baadaye. Alifundisha pia kwamba viumbe hubadilika polepole katika miaka mingi sana. Hilo limethibitika, lakini sababu aliyoitaja haikukubaliwa.

Katika uzee wake macho yaliyohesabu miguu ya wadudu yakapofuka. Hata hivyo hakuacha kazi: alisema, na binti yake akaandika, mpaka mwaka 1822 kitabu chake kikubwa, chenye majuzuu 7, kikamalizika. Akafa tarehe 18 Desemba 1829, mwenye miaka 85. Alikuwa maskini hata kaburi lake likawa la kukodiwa kwa miaka michache, na mifupa yake haijulikani ilipo.

Mwaka 1909 sanamu yake ilisimamishwa katika bustani ile ile aliyofanyia kazi. Nyuma yake imechongwa picha ya mzee kipofu ameketi, na binti yake karibu naye. Na leo mwanafunzi amwonaye buibui ukutani, akahesabu miguu yake kabla ya kumpa jina, anaifuata njia ya mzee huyo.