Mzee Shaaban Robert, karani wa duane aliyeandika vita

Wandugu wasomaji, wa Kamituga, wa Misisi, wa Luhwindja na ninyi mliobaki na watoto kule Uvira, leo tunaeleza maisha ya mzee Shaaban Robert wa Tanga. Wengi wanamjua juu ya mashairi yake ya adabu na ya upendo. Wachache wanajua kwamba aliandika pia utenzi mrefu sana juu ya vita, na kwamba ile vita ilipita katika migodi yetu.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 Vibambani, kijiji kidogo kando ya bahari, karibu na mji wa Tanga. Ukoo wake ulitoka kwa Wayao. Wakati ule Wajerumani ndio walitawala. Alipokaribia miaka 6, Novemba 1914, Waingereza walileta masoda kwa meli kutoka Uhindi ili wakamate Tanga. Walipigana siku chache tu. Hata nyuki wa porini walitoka katika mizinga yao na kuuma watu. Von Lettow-Vorbeck na askari wake weusi wakashinda, Waingereza wakarudi melini na kuacha bunduki nyingi ufukweni. Yote hayo yalipita karibu na kijiji cha yule mtoto.

Mwaka uleule vita ilifika pia kwetu. Agosti 1914 meli ya Wajerumani ilipiga ufuko wa kusini mwa Uvira, ikazamisha mitumbwi ya wavuvi na kukata waya wa simu. Baadaye Waingereza walileta mashua mbili, Mimi na Toutou, kwa meli mpaka Cape, halafu kwa gari la moshi mpaka Katanga. Kutoka pale watu na ng'ombe wakazivuta porini na milimani. Tarehe 26 Desemba 1915 zilikamata meli Kingani, na Februari 1916 zikasaidia kuzamisha Hedwig von Wissmann. Kisha jeshi la Force Publique likaingia Rwanda na Burundi, na Septemba 1916 likakamata Tabora. Nyuma yake walitembea wapagazi zaidi ya 200,000. Walibeba unga, risasi na mizinga. Wengi walikufa kwa njaa, baridi na kuhara, na majina yao hayakuandikwa.

Ile vita ya ziwa ilipata kitabu chake. Mwaka 1935 Mwingereza C. S. Forester aliandika riwaya yenye jina The African Queen, na mwaka 1951 wakaitolea filamu. Hadithi ni tamu. Lakini mashujaa wake ni mzungu mwanaume na mzungu mwanamke katika mashua moja. Mpagazi wa Uvira akiitafuta habari yake mule ndani, hataiona. Tushike jambo hili, maana linatusaidia kuelewa kazi ya Shaaban.

Yeye alisoma shule ya Msimbazi, Dar es Salaam, kuanzia 1922 mpaka 1926, na akatoka na cheti chake. Hakupata shule kubwa zaidi ya ile. Akaingia kazi ya serikali kama karani wa duane, kazi ya kuhesabu mizigo na kuandika vitabu vya forodha. Alianza Pangani na akahamishwa huku na huku karibu miaka 18. Mshahara wa karani mweusi ulikuwa mdogo, na mkubwa wake daima alikuwa mzungu. Usiku aliandika. Mashairi yake yalitoka katika gazeti Mambo Leo, na polepole jina lake likajulikana pwani na bara.

Mke wake Amina alikufa mapema, akamwachia watoto. Shaaban alimwandikia shairi la kilio ambalo watu wanalisoma mpaka leo. Kwa binti yake aliandika Utenzi wa Hati, na kwa mtoto wake wa kiume Utenzi wa Adili. Alikuwa hana shamba kubwa wala franga za kuwaachia, basi aliwaachia maneno.

Halafu ikaja vita ya pili, 1939 mpaka 1945. Shaaban hakushika bunduki. Alibaki mezani kwake, akifuata habari za vita kutoka mbali, kama watu wengi wa wakati wake. Kwa habari hizo alitunga Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti karibu 3,000. Umeanza na vita ya Hitler Bulaya, ukafika mpaka kushindwa kwa Wajapani.

Kwa wale wasiojua, utenzi ni shairi la kueleza jambo refu. Kila ubeti una mistari 4 mifupi, kila mstari mizani 8. Mistari 3 ya kwanza inaimba sauti moja mwishoni, na wa 4 unarudisha sauti ileile toka ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Juu ya ile sauti inayorudi, mtu anaweza kuushika kichwani bila kitabu, na wanaomsikiliza wanajua ubeti umefika mwisho. Wazee wa pwani walikuwa wamekwisha kuutumia kueleza vita. Hemedi bin Abdallah alieleza namna Wajerumani walivyoingia pwani na kupigana na Abushiri. Abdul Karim bin Jamaliddini alieleza vita ya Majimaji ya 1905. Wale waliandika vita iliyopiga nchi yao wenyewe. Shaaban alichukua chombo kilekile akaingiza ndani yake Poland, Ufaransa, Urusi na Japani. Kumbe Kiswahili kiliweza kubeba vita ya dunia nzima.

Hapa kuna neno la kuuliza. Shaaban aliandika upande wa Waingereza, waliokuwa wakitawala nchi yake, na ile vita akaiita ya uhuru. Uhuru wa nani? Wengine wamemlaumu, wanasema alisifu watawala. Lawama hiyo si ya bure. Lakini tutazame pia upande mwingine. Hitler alihubiri kwamba kuna watu wa kutawala na watu wa kutumikishwa. Mtu mweusi aliyeandika kwamba ile fikra ilikuwa mbaya na ilistahili kushindwa, alikuwa ameweka jiwe ambalo baadaye lingemwangukia hata mtawala wake. Ukiisha kusema uhuru ni haki ya Mfaransa na ya Mpolandi, utamnyima Mtanganyika kwa sababu gani?

Na sisi huku, ile vita tuliilipa kwa mikono. Masoda wa Kongo walipigana Ethiopia mwaka 1941 mpaka Waitalia wakajitoa kule Saio, mwezi wa Julai. Shaba ya Katanga iliendea risasi. Wajapani walipokamata Malaya, bati ya Maniema na ya Kivu ilitakiwa sana, wachimbaji wakasukumwa kuongeza. Mwaka 1942 serikali ya Wabeleji ilipandisha kazi ya lazima vijijini mpaka siku 120 kwa mwaka. Desemba 1941 wachimbaji wa Lubumbashi waligoma juu ya mshahara, masoda wakawapiga risasi uwanjani, wakafa makumi ya watu. Na madini ya urani ya Shinkolobwe ndiyo yaliingia kwa wingi katika bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Aliyeyachimba hakuambiwa yanakwenda kufanya nini. Hayo nayo ni vita, hata kama mizinga haikusikika mgodini.

Baada ya vita Shaaban aliandika namna nyingine. Mwaka 1951 kilitoka Kusadikika, hadithi ya nchi iliyoko angani. Kijana Karama anashtakiwa kwa sababu anataka watu wafundishwe sheria. Anajitetea kwa kueleza habari za wajumbe 6 waliotumwa pande zote. Kila mmoja alirudi na jambo jema la kusaidia nchi, na kila mmoja akatupwa gerezani. Tukisoma leo, ni vigumu kutofikiri juu ya masoda waliorudi toka Burma na Ethiopia. Walikuwa wameona dunia, halafu wakaambiwa warudi kwenye adabu ya zamani. Labda Shaaban aliipeleka hadithi angani ili aweze kusema ya chini bila kufungwa.

Katika Utubora Mkulima alieleza mtu aliyetoka vitani. Utubora ana kazi nzuri ya ofisi mjini, lakini anaiacha na kwenda kijijini kulima. Wenzake wanashangaa. Yeye anataka kupanda kitu na kukiona kinaota. Hakuna mizinga katika kile kitabu, lakini kinaonyesha vizuri sana kile ambacho vita inaacha ndani ya mtu. Mama yeyote wa Uvira aliyempokea mume au mtoto toka jeshini, akimwona amekaa kimya kando ya ziwa bila kutaka kazi, ataelewa mara moja.

Toka 1944 Shaaban alitoka duane, akafanya kazi idara ya wanyama wa porini, halafu ofisi ya wilaya Tanga, kisha idara ya kupima ardhi. Waingereza walimpa nishani. Hakutajirika kamwe kwa vitabu. Aliuona uhuru wa Tanganyika tarehe 9 Desemba 1961, na miezi 6 baadaye, Juni 1962, akafa. Alikuwa na miaka 53. Alizikwa kwao Vibambani. Utenzi wa Vita vya Uhuru ulichapwa 1967, na Utubora Mkulima 1968. Yeye mwenyewe hakuviona.

Wengine walifuata njia ile. Aimé Césaire alitoa mchezo wa kuigiza juu ya Lumumba mwaka 1966, kwa Kifaransa. Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile mwaka 1969, mchezo wa Majimaji, na mule shujaa mwenyewe anaingiwa na mashaka juu ya yale maji. Si kila maandishi ya vita ni ya kusifu.

Na ufuko wetu? Uvira iliona Simba mwaka 1964. Iliona Oktoba 1996, vita ilipoanzia huku kwetu kabla ya kufika Kinshasa. Ikaona Makobola, mwisho wa 1998. Meli Liemba, ile ya zamani ya Wajerumani waliyoizamisha wenyewe Kigoma mwaka 1916 na Waingereza wakaiinua, ndiyo ilirudisha wakimbizi wetu kwa maelfu mwaka 1997. Nani ameyaweka hayo katika beti za Kiswahili? Nyimbo tunazo, za kilio na za kanisani. Lakini wimbo unataja uchungu na mara nyingi unaacha tarehe, kijiji na jina.

Shaaban hakuwa na shule kubwa kupita kijana wa humanités wa leo. Alikuwa na meza, kalamu, taa, na mazoea ya kuandika kila siku baada ya kazi ya bwana mkubwa. Vita aliyoandika ilikuwa mbali naye. Yetu tuliiona sisi wenyewe, na wale walioiona 1964 sasa ni wazee, kila mwaka tunazika wengine. Mwenye baba au bibi wa namna ile nyumbani amwulize majina sasa, ayaandike katika daftari na kulificha mahali ambapo mvua haifiki. Beti zitakuja baadaye.