Ibn al-Haytham na Tundu la Nuru



Tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa. Nilikuwa mtoto hapa Nabuyonga. Jioni ile, nuru iliyopenya matundu ya misumari kwenye dirisha la bati ilichora ukutani hilali ndogo ndogo. Niliuliza sababu, sikujibiwa. Jibu nililikuta chuoni, katika maisha ya Ibn al-Haytham.

Alizaliwa Basra mwaka 354 Hijria, yaani 965 hivi. Wanahistoria wanasimulia kwamba alidai anaweza kuyadhibiti maji ya Nile, naye khalifa al-Hakim akamwita Misri. Alipanda mto hadi karibu na Aswan, akatazama, akatambua kuwa hawezi. Akarudi, akakiri. Kwa kuogopa hasira ya mtawala alijifanya mwendawazimu, akafungiwa nyumbani hadi al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Sisi tunaouona mto huohuo Jinja, umezibwa kwa mabwawa ya umeme, tusimcheke. Kosa lake lilikuwa kuahidi kabla ya kupima.

Kitabu chake kikuu, Kitab al-Manazir, chenye juzuu 7, kinaonyesha kwamba nuru hutoka kwenye vitu na kuingia jichoni. Hakutosheka na kauli za Wayunani. Alijaribu kwa taa na chumba chenye giza. Katika risala nyingine alieleza hilali zangu: umbo la jua lililopatwa huonekana ikiwa tundu ni dogo, likiwa kubwa, umbo hupotea.

Kanuni hiyo ingali kazini. Huko California, maabara ya National Ignition Facility hutumia miali 192 ya leza kukandamiza kidonge cha milimita 2 hivi, kikawa plazima ya joto la mamilioni ya nyuzi, inayotoa eksirei. Lenzi ya kioo haiwezi kuzikusanya. Basi watafiti hutoboa bamba la metali tundu jembamba kuliko unywele, na eksirei zikipita huchora picha ya plazima upande wa pili. Tundu likipanuka, picha huvurugika. Likizidi udogo, nuru haitoshi.

Muhula uliopita nilikaribia kuiacha fizikia, nikidhani ni elimu ya watu wengine. Mzee huyu, aliyefariki Cairo mwaka 430 Hijria hivi baada ya kuishi kwa kunakili vitabu vya hesabu, amenirudisha darasani.

Allah amrehemu, na atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.