Charles Goodyear, muntu aliyefundisha mpira kukumbuka sura yake

Mu Likasi, fundi wa kinga anakata kipande cha mpira wa ndani ya gurudumu, anakivuta, anakiachilia: kinarudi vile kilikuwa. Mpira haukuwa hivyo tangu mwanzo. Aliyeufikisha pale ni Charles Goodyear, Mumarekani, na ilimugarimu maisha yake.

Goodyear alizaliwa mwaka 1800 mu New Haven. Biashara yake na baba yake ilianguka, akafungwa juu ya madeni. Mule gerezani akaanza kukanda mpira. Wakati ule, jua likiwaka mpira ulinata na kunuka. Baridi ikija, ulikauka na kupasuka.

Baadaye alinunua kwa Nathaniel Hayward haki ya kuchanganya mpira na kiberiti, ile unga ya manjano. Mu 1839, kule Woburn, mchanganyiko uligusa jiko la moto. Haukuyeyuka. Pembeni ya pale ulipoungua, ulibaki laini na wa kuvutika.

Sababu ni hii: mpira ni nyuzi ndefu sana zilizochanganyikana. Kiberiti na moto vinazifunga pamoja hapa na pale. Ukivuta, nyuzi zinanyooka. Ukiachilia, vifungo vinazirudisha. Leo wataalamu wanatengeneza hata plastiki zinazokumbuka sura mbili ao tatu, kila sura ikiamka na kiasi chake cha moto. Zile nazo zinahitaji vifungo vya kushika sura ya kwanza.

Goodyear alipata hati ya uvumbuzi tarehe 15 Juni 1844. Lakini kule Uingereza, Thomas Hancock alikuwa amemutangulia. Mu 1855 nishani ya heshima ya Ufaransa ilimukuta mu gereza la Paris, tena juu ya madeni. Alikufa mu New York tarehe 1 Julai 1860, akiacha deni la dolari 200 000 hivi. Kampuni inayobeba jina lake ilianzishwa na watu wengine mu 1898.

Hakuona yaliyofuata. Mu 1888 Dunlop alitengeneza gurudumu la upepo kwa ajili ya kinga, na dunia ikataka mpira mwingi. Mu Kongo ya Léopold II, wanakijiji walilazimishwa kuutafuta mu pori. Wanawake walishikwa mateka mpaka waume walete kilo zilizoombwa, na watu wakakatwa mikono. Mpira unarudia sura yake. Vijiji vingi vya Kongo havikurudia yao.