Al-Biruni: Aliyepima Chombo Kabla ya Kupima Kitu

Ndugu msomaji, mwezi huu wengi hutoa zaka, na nisabu ya dhahabu tunaijua ni mithqali 20. Lakini je, utajuaje kama dhahabu hiyo ni safi, haikutiwa shaba? Na chombo cha kuipimia, nacho nani amekipima? Maswali kama haya yalimshughulisha mwanachuoni mmoja wa Kiislamu miaka 1,000 iliyopita.

Huyo ni Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad al-Biruni. Alizaliwa mwaka 973 (362 Hijria) karibu na mji wa Kath, nchi ya Khwarazm, sehemu ambayo leo iko Uzbekistan. Akiwa kijana wa miaka 20 na kitu hivi, yaani rika letu, alitengeneza duara la kupimia jua lenye upana wa dhiraa 15. Akawahi kupima mara moja tu, vita vikazuka, ikabidi akimbie. Hakukata tamaa. Mwaka 997 alipatana na mwanachuoni Abu al-Wafa wa Baghdad, kila mmoja aangalie kupatwa kwa mwezi akiwa mjini kwake, yeye akiwa Kath. Tofauti ya saa ikawajulisha umbali wa miji hiyo miwili kwa upande wa mashariki na magharibi.

Baadaye aliishi Jurjaniya, na hapo ndipo alipofanya kazi ya kupima uzito wa madini na vito. Alitumia chombo kipana chini, chembamba juu, chenye mdomo wa kumwagia maji pembeni. Unakijaza maji mpaka mdomoni, unatia mithqali 100 za dhahabu, kisha unapima maji yaliyomwagika. Kwa dhahabu safi ni mithqali 5 na robo, ndiyo kusema dhahabu ni nzito kama mara 19 ya maji. Iliyochanganywa na shaba humwaga maji mengi zaidi, hivyo mwizi hujulikana.

Rahisi, sivyo? Lakini al-Biruni aligundua kuwa chombo chenyewe kinadanganya. Shingo ikiwa pana, maji yakipanda kidogo huoni. Tena matone hung'ang'ania mdomoni badala ya kumwagika. Mwengine angeandika jawabu akaenda zake. Yeye alitengeneza chombo baada ya chombo, mpaka shingo ikawa nyembamba kama kidole cha mwisho. Si hayo tu, alieleza pia maji ni ya mto gani, mahali gani na msimu gani: ya mto wa Khwarazm, pale Jurjaniya, mwanzo wa majira ya vuli. Kwa nini? Kwa sababu maji ndiyo yaliyokuwa kipimo chake, na maji hayalingani kila mahali.

Vijana wenzangu tunaosoma sayansi, jambo hili ni lile lile la maabara zetu. Hadubini ya dijitali itakupa namba kwenye skrini, lakini namba hiyo haina maana mpaka kwanza uweke chini yake kioo chenye rula ya milimita 1 iliyogawanywa mara 100, uiambie mashine urefu wa kweli ni upi. Na ukibadilisha lenzi, unaanza upya. Usipofanya hivyo, chembe ya damu utaipima vibaya, na kila anayetegemea kipimo chako atapotea pamoja nawe.

Mwaka 1017 Sultan Mahmud aliiteka Khwarazm, na al-Biruni akachukuliwa hadi Ghazna, Afghanistan ya leo. Huko pia hakukaa bure. Mwaka 1025 alimaliza kitabu cha kupima mahali pa miji, na kwa hesabu hizo akatafuta kibla cha Ghazna. Alifariki mwaka 1048 kwa kauli iliyo mashuhuri. Mwaka 1121 al-Khazini aliyaingiza matokeo yake ya uzito katika kitabu chake Mizan al-Hikma, na ndivyo yalivyotufikia.

Ndugu zangu, sote tunaisoma Suratul Mutaffifin tangu madrasa. Tusidhani inamhusu muuza sukari peke yake. Anayepima damu ya mgonjwa, anayepima shamba la mayatima, anayesahihisha mtihani, wote wameshika mizani. Na kabla hujamhukumu mtu kwa mizani yako, ipime hiyo mizani kwanza. Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa na azikubali funga zetu. Amin.