Dürer: Mchoraji aliyemchora mamake kwa mkaa bila kumficha uzee

MIEZI miwili kabla ya mamake kuaga dunia, mchoraji Albrecht Dürer alitwaa kipande cha mkaa akamchora ajuza huyo jinsi alivyokuwa. Ilikuwa Machi 19, 1514, mjini Nürnberg, Ujerumani.

Dürer alizaliwa mjini humo Mei 21, 1471, mwana wa mfua dhahabu aliyetoka Hungary. Akiwa na umri wa miaka 13 alijitazama kiooni akachora sura yake mwenyewe. Mwaka wa 1498, picha zake za Kitabu cha Ufunuo, zilizochongwa kwenye mbao na kupigwa chapa, zilimletea sifa kote Ulaya.

Mamake, Barbara, aliionja dunia kwa uchungu. Alijifungua watoto 18 lakini ni watatu tu waliosalia. Mumewe alifariki mwaka wa 1502, na baada ya miaka miwili Dürer akamchukua mjane huyo kwake. Naye alimsaidia mwanawe kuuza picha alipokuwa safarini Italia.

Mnamo 1513 Barbara aliugua ghafla, na hakupata nafuu tena.

Mkaa wa kuchorea hutokana na vijiti vilivyochomwa. Ukipakwa kwenye karatasi hufifishwa kwa kidole, na hivyo ni rahisi kulainisha uso wa anayechorwa. Dürer hakutaka kumrembesha mamake. Kwa mistari mizito alionyesha makunyanzi ya paji la uso, mashavu yaliyobonyea, mishipa ya shingo na mifupa iliyotokeza kifuani. Hata jicho moja lililotazama kando alilichora vivyo hivyo.

Juu ya karatasi aliandika kuwa huyo ni mama yake, mwenye umri wa miaka 63. Barbara alipofariki Mei mwaka huo, mwanawe aliirudia picha hiyo na kuongeza kwa wino habari za kifo chake. Katika kumbukumbu zake alisimulia kwamba mama alikata roho kwa shida, ila uso wake ulipendeza zaidi alipokwisha kufa kuliko alipokuwa hai.

Dürer alifariki Aprili 6, 1528. Picha hiyo ingali imehifadhiwa jijini Berlin, ushahidi kwamba mapenzi ya mwana hayahitaji kuficha ukweli.