Pierre Bouguer: Yatima aliyefungua njia ya kupima rangi majini

MKAZI wa Uriri, Kaunti ya Migori, hahitaji mtambo ili kutambua kwamba mto umebadilika rangi. Masika yakifika, Mto Kuja huteremka kuelekea Ziwa Victoria ukiwa umejaa udongo. Mashaka huanza pale rangi ya nguo inapotoka kiwandani ikiwa imezimuliwa kwa maji mengi: jicho husema maji ni safi, kumbe sivyo.

Msingi wa kulisahihisha jicho hilo uliwekwa na Mfaransa Pierre Bouguer, ambaye wanafunzi wetu wa kemia hulisikia jina lake kwa nadra.

Alizaliwa mwaka wa 1698 mjini Le Croisic, pwani ya magharibi mwa Ufaransa, ambako babake alifunza elimu ya safari za baharini. Mzee huyo alipoaga dunia mwaka wa 1714, Pierre alikabidhiwa kazi hiyo licha ya umri wake mdogo. Mwaka wa 1727 alishinda tuzo ya Akademia ya Sayansi mjini Paris kwa maandishi kuhusu milingoti ya meli, akimpiku Leonhard Euler.

Kitabu chake kuhusu mwanga kilitoka mwaka wa 1729. Bouguer alikuwa ameng'amua kwamba jicho haliwezi kukadiria taa moja inaishinda nyingine mara ngapi, ila laweza kutambua taa mbili zinapolingana. Kwa mishumaa tu, alikadiria kuwa jua hung'aa mara 300,000 kuliko mwezi mpevu. Alionyesha pia kwamba kila tabaka la maji hunyang'anya mwanga sehemu ile ile ya kiasi kilicholifikia: tabaka la kwanza likipitisha nusu, la pili hupitisha nusu ya nusu hiyo.

Mwaka wa 1735 alisafiri hadi Ikweta, katika nchi iitwayo leo Ekuado, kupima umbo la dunia. Alirejea Paris mwaka wa 1744, baada ya miaka mingi milimani na ugomvi mkali na mwenzake, La Condamine.

Alifariki mwaka wa 1758. Kitabu chake kikubwa kuhusu mwanga kilichapishwa mwaka wa 1760, mwaka ule ule ambao Johann Heinrich Lambert alitoa chake na kuiweka kanuni hiyo katika hesabu. August Beer aliongezea suala la wingi wa rangi ndani ya maji mwaka wa 1852. Vitabu vingi vya shule hutaja Beer na Lambert pekee. Huo, kwa maoni yetu, ni udhalimu.

Leo maji taka huchujwa kwanza, kwani tope nalo huzuia mwanga, kisha hutiwa katika kichupa chenye upana wa sentimita moja. Rangi ya buluu humeza mwanga mwekundu, hivyo huo ndio hupenyezwa. Kiasi kinachopotea hulinganishwa na cha maji yenye kipimo kinachojulikana. Maji yakikolea rangi kupita kiasi, kanuni hupinda, na mpimaji hulazimika kuyazimua.

Kanuni hiyo hiyo hupima weupe wa sukari, kwa mwanga wa nanomita 420. Wakulima wa Uriri, ambao miwa yao husagwa Awendo, hupanda zao ambalo sukari yake huweza kupimwa kwa njia hiyo pia.