Mzee Apolo na jembe lake

Wale wetu tuliotoka upande wa Ituri, Bunia na Beni jina la Apolo Kivebulaya tumelisikia tangu utotoni. Watoto wetu waliozaliwa huku hawalijui. Juma hili tumeona tuwasimulie, na tunaomba wazazi mlisome hili pamoja nao mezani.

Alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864. Alikuwa pacha, ndiyo maana wazazi walimwita Waswa. Ujana wake aliupitia katika miaka ya vita, wakati Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipokuwa wakigombania nchi, naye akabeba silaha kama vijana wengine. Injili aliisikia kwa mmisionari Alexander Mackay, lakini hakubatizwa hadi Januari 1895, akiwa mtu mzima wa miaka thelathini hivi. Hapo ndipo alipoitwa Apolo. Kivebulaya ni jina la utani. Alizoea kuvaa koti jekundu la askari juu ya kanzu, watu wakamwita kitu kilichotoka Ulaya. Bulaya ya Waganda ndiyo Ulaya yetu. (Wanaorudi nyumbani likizo na koti la baridi begani wanajua jinsi watu wanavyowaita.)

Kanisa lilimtuma Toro kufundisha. Ng'ambo ya mto Semliki, juu ya mlima upande wa Kongo, palikuwa na Boga, nchi ya Wahema chini ya chifu Tabaro. Walimu wawili Waganda, Petero na Sedulaka, walikuwa wamemtangulia huko. Mafundisho yao yalimuudhi chifu, watu wakaacha kuwapa chakula. Ardhi ilikuwepo na mvua ilikuwepo. Lakini kwa Waganda wa siku zile kulima ilikuwa kazi ya wanawake, na mwanamume mwenye heshima zake, tena mwalimu, hakushika jembe. Wakashindwa na njaa, wakarudi.

Apolo alifika mwishoni mwa 1896. Alishika jembe akalima shamba lake mwenyewe.

Hapa tunaomba tukae kidogo, maana tunawafahamu ndugu zetu. Kati yetu wamo waliokuwa walimu, wahasibu, hata wachungaji huko kwetu, na leo wanasukuma mikokoteni ghalani au kuosha sakafu usiku. Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tunajua kuna wanaume wanaowaogesha wazee kwa mikono ya upole kabisa, lakini wakipigiwa simu kutoka nyumbani wanasema wako ofisini. Hatuwacheki. Aibu hiyo ni ya kweli, nayo inauma. Apolo naye alikuwa na watu waliomwona ameinama shambani, wenyeji na Waganda wenzake, na walikuwa na la kusema. Yeye alikuwa na hesabu yake: asipolima hali, asipokula anaondoka, akiondoka Boga inabaki bila mwalimu. Basi akalima, na jioni akafundisha watu kusoma.

Haikumwepusha na mateso. Naye alikemea ulevi na ndoa za wake wengi, na Tabaro alikuwa navyo vyote viwili. Kisha mwanamke wa nyumba ya chifu akafa kwa kuangukia mkuki katika nyasi za kujengea, na lawama zikawekwa juu ya Apolo. Alipigwa, akafungwa, akapelekwa Toro kama mhalifu. Katika siku hizo za dhiki, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, Yesu alimtokea aking'aa kama jua na kumwambia kwamba yuko pamoja naye.

Alipoachiliwa angeweza kubaki Toro, na hakuna ambaye angemlaumu. Alirudi Boga, kwa mtu yule yule. Wengi wetu tuna mtu mmoja, kazini au hapa hapa kanisani, ambaye tukimwona tunabadilisha njia. Apolo alipanda mlima kumfuata wa kwake. Hatimaye Tabaro mwenyewe aliamini na kubatizwa.

Mwaka 1900 aliwekwa kuwa shemasi, na 1903 kasisi. Alitumika Toro kwa miaka, kisha mpaka wa wakoloni ukaiacha Boga upande wa Wabelgiji, naye akarudi huko. Mchumba wake alikufa kabla ya harusi, hakuoa tena, ila nyumba yake haikukosa watoto, maana alilea vijana wengi waliokaa kwake, wakila na kusoma pale pale. Baadaye, mwenye umri wa karibu miaka 60, alianza kuingia msituni kwa Wambuti, ambao majirani zao wengi waliwaona si watu kamili. Alijifunza kusema nao, akakaa nao, akawafundisha. Mwaka 1922 alipewa cheo cha kanoni wa Namirembe, cheo kikubwa kwa Mwafrika wa siku zile. Aliendelea kuishi Boga.

Alipougua sana alitaka kufia Boga kwake, na huko alifariki tarehe 30 Mei 1933. Alikuwa ameacha agizo moja kuhusu kaburi. Desturi ilikuwa kumlaza maiti kichwa kikielekea mashariki, ambako kwake kulikuwa ni Uganda, upande wa nyumbani kwao. Yeye aliomba kielekezwe magharibi, kwenye msitu mkubwa wa Kongo, kwa sababu kazi ya huko ilikuwa bado haijaisha. Wakamzika hivyo.